Ukibadilisha maneno ya wimbo, wimbo bado ni wa mwenyewe

Nakuandikia msomaji wangu kutoka Runyenjes, kaunti ya Embu, ambako mtoto wa Pwani kama mimi huvaa sweta mbili mwezi wa Julai na bado akatetemeka. Mji wenyewe uko kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya. Huku juu kuna majani chai, chini yake kahawa na makadamia. Nimefundisha Kiswahili hapa miaka mingi, na wenyeji wamenizoea kiasi kwamba hawaniulizi tena nitarudi lini baharini.

Wiki mbili zilizopita alinijia msichana niliyemfundisha zamani. Sasa ni mama wa mtoto mmoja, na jioni baada ya kazi za shamba huandika. Ameandika riwaya ya Kiswahili ya kurasa mia na themanini, juu ya dereva wa matatu anayempoteza mamaye. Kwa miaka mitatu ameweka akiba kidogo kidogo kutokana na malipo ya kahawa, na amekubaliana na mpiga chapa mmoja wa Embu mjini amtolee nakala mia tatu. Malipo ya kwanza alikuwa akayatoe Ijumaa ile.

"Mwalimu," akaniambia, "kuna jambo moja tu linanisumbua. Usiku wa matanga, huyu dereva anaimba. Nimechukua wimbo ambao kila mtu anaujua, nikabadilisha maneno. Nimeambiwa ukibadilisha asilimia thelathini, wimbo unakuwa wako. Ni kweli?"

Si kweli. Na kwa kuwa swali hili nimeulizwa pia na vijana wa Kilifi, wa Lamu na wa Mombasa wanaoandika hadithi na tamthilia, nimeona nilijibu hapa ukumbini, tufaidike sote. Mimi si wakili, na mwenye kesi mahakamani amtafute wakili. Lakini sheria yenyewe nimeisoma, na sababu iliyonifanya niisome nitaieleza mbele kidogo.

Wimbo mmoja, haki tatu

Tuanze na wimbo wenyewe. Unapousikia redioni unadhani ni kitu kimoja, lakini kwa sheria ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kuna maneno, ambayo ni kazi ya maandishi kama shairi lolote. Kuna tuni, ambayo ni kazi ya muziki. Na kuna ile rekodi iliyofanywa studio. Kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe.

Sisi watu wa Pwani tusipate taabu kulielewa hili. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya ndugu yake, malenga Ahmad Nassir wa Mombasa. Sauti tuliyoipenda ilikuwa ya mmoja, maneno yaliyotuliza yakawa ya mwingine. Mwandishi wa riwaya hachukui sauti wala ala. Yeye huchukua maneno. Kwa hiyo mtu wa kumtafuta kwanza ni mtunzi wa maneno, au yule aliyeuziwa haki hizo, ambaye mara nyingi si yule tunayemwona kwenye video.

Na kumjua mwenyewe si jambo dogo. Wimbo "Malaika" umeimbwa duniani kote, na Fadhili William wa Taita ndiye aliyejulikana nao tangu alipourekodi. Hata hivyo hadi leo wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa mtunzi, na wako wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Ikiwa wimbo mashuhuri kama huo una mabishano, je, ule uliousikia kwenye matatu bila hata kujua jina lake?

Sheria inasema nini

Sheria inayotuhusu Kenya ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotungwa na kuwekwa katika umbo la kushikika, yaani kuandikwa au kurekodiwa. Si lazima isajiliwe. Kwa hiyo anayesema "wimbo huu haujasajiliwa, tuchukue tu" anajidanganya. Usajili ni ushahidi mzuri tu wa mwenye mali, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye hakimiliki ndiye peke yake mwenye uwezo wa kuruhusu kazi yake inakiliwe, itafsiriwe au igeuzwe. Na hapo ndipo penye jibu la swali la mwanafunzi wangu. Haki hiyo haiishii kwenye kunakili neno kwa neno. Sheria inagusa kazi nzima au sehemu yake kubwa, iwe katika umbo lake la asili au katika umbo lolote ambalo bado linatambulikana kuwa limetokana na la asili.

Acha nitoe mfano, na ili nisimkosee mtu nitautunga mwenyewe. Tuseme nina wimbo unaosema:

Bahari imelala, nani ataiamsha?
Mpenzi yuko mbali, barua hajaleta.

Wewe ukaandika katika riwaya yako:

Mlima umelala, nani atauamsha?
Mpenzi yuko mbali, ujumbe hajaleta.

Umebadilisha maneno kadhaa. Ukipiga hesabu pengine utapata hizo asilimia thelathini. Lakini msomaji yeyote aliyeujua wimbo wangu atautambua kabla hajafika mwisho wa mstari, kwa sababu umeacha muundo, swali, mizani na lile wazo la kitu kikubwa kilicholala. Umebadilisha nguo, mwili ni ule ule. Na zaidi ya hayo, wewe mwenyewe ulitaka autambue. Ndiyo maana ulichukua wimbo unaojulikana. Huwezi kuomba msomaji autambue kisha ukamwambia hakimu kwamba hautambulikani.

Na hiyo "sehemu kubwa" haipimwi kwa rula. Mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kama zetu, hutazama uzito wa kilichochukuliwa kuliko urefu wake. Wimbo ni kitu kifupi. Kibwagizo cha maneno sita kinaweza kuwa ndicho moyo wa wimbo wote. Ndiyo maana mtu anaweza kunukuu aya moja ya kitabu cha kurasa mia tatu akasameheka, akachukua mistari miwili ya wimbo akawa mashakani. Asilimia thelathini, mistari miwili, maneno manane: hayo yote ni masimulizi ya vijiweni. Hayamo katika sheria.

"Lakini nimemtaja jina"

Wengi husema, mimi nitaandika mwishoni mwa kitabu jina la msanii, yaishe. Kutaja jina ni adabu, na mara nyingi ni wajibu, lakini si ruhusa. Ukichukua baiskeli ya jirani ukaibandika karatasi yenye jina lake, bado hujamwomba.

Ipo nafasi ambayo sheria imeiacha wazi, iitwayo matumizi ya haki. Inahusu mambo kama utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari za wakati, pamoja na kutaja chanzo. Mimi nikiandika makala ya kuuchambua wimbo nikanukuu mstari ninaouchambua, nasimama mahali pazuri. Lakini dereva wa matatu anayeimba matangani hahakiki wimbo. Anautumia kututoa machozi. Riwaya inayouzwa ni vigumu kuiingiza katika mlango huo.

Na dhihaka je? Wapo waliosoma kwamba Marekani ukiubadilisha wimbo kwa mzaha unaruhusiwa. Habari hiyo ina ukweli nusu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kikundi cha 2 Live Crew, kilichobadilisha maneno ya wimbo maarufu wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman". Mahakama ilisema kwamba mzaha wa namna hiyo waweza kuwa matumizi ya haki hata kama unauzwa. Lakini ilitofautisha mambo mawili. Ukiudhihaki wimbo wenyewe, una sababu ya kuuchukua, kwani huwezi kumwiga mtu bila kuonyesha sura yake. Ukiuchukua ili udhihaki kitu kingine, diwani wako au mama mkwe wako, sababu hiyo inadhoofika, maana ungeweza kutunga wako. Uingereza nayo iliweka nafasi ya dhihaka katika sheria yake mwaka 2014. Hizo ni sheria za kwao. Anayechapa kitabu Embu au Mombasa asijifunike blanketi la Washington.

Wala wimbo wa ng'ambo si wa bure kwa kuwa mwenyewe yuko mbali. Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993, na mkataba huo ndio unaofanya nchi zilinde kazi za wenzao. Mkataba huo huo unatulinda sisi pia. Them Mushrooms wa Mombasa walipotoa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, haukupita muda kikundi cha Boney M. cha Ujerumani kikatoa toleo lake mwaka 1983. Wimbo uliotungiwa watalii wa hoteli zetu ukazunguka dunia kwa maneno yaliyobadilikabadilika. Leo Mpwani gani hapendi kusikia kwamba Teddy Kalanda Harrison ndiye aliyeutunga? Tukitaka watu wa mbali watuheshimu, tuanze kuheshimiana jirani kwa jirani.

Msiba mkubwa zaidi wa namna hii ulitokea Afrika Kusini. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wengine wakautwaa, wakautia maneno mapya ya Kiingereza, ukaitwa "The Lion Sleeps Tonight" na kuingiza fedha nyingi. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kuipeleka Disney mahakamani. Tazama miaka iliyopita hapo katikati.

Siku niliyopigiwa simu

Sasa nieleze kwa nini mimi, mwalimu wa sarufi, nilijitia kusoma sheria.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaja huku, niliandika mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Nilichukua shairi moja la taarab lililokuwa likiimbwa harusini, nikageuza maneno, nikampa mlevi wa mchezo wangu aliimbe huku akiyumba jukwaani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nilijiona fundi.

Baada ya wiki nikapigiwa simu na mwanamume ambaye simjui. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia kwamba shairi lile lilitungwa na babake, na babake alilitunga mwaka aliofiwa na binti yake wa kwanza. Harusini liliingia baadaye tu, kwa kuwa watu walipenda sauti yake. "Sisi nyumbani," akasema, "tukilisikia hunyamaza." Kisha akaniuliza kama naweza kuacha kuliigiza. Nikaacha. Senti hakuniomba.

Baadaye ndipo nikagundua kwamba alikuwa na haki hata mbele ya sheria. Mbali na haki za fedha, sheria yetu inampa mtunzi haki za kimaadili: haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kukatwakatwa kwa namna inayoivunjia heshima yake au jina lake. Haki hizo hawezi kuziuza akiwa hai. Akifa, zinaweza kupita kwa wosia au kwa njia ya urithi. Kwa hiyo hata kama ningekuwa nimelipa kampuni ya kurekodi, mtoto wa mtunzi angeweza kusimama akasema: babangu hakuandika kilio ili kiwe cha mlevi.

Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba kubadilisha maneno wakati mwingine ni jambo zito kuliko kunukuu. Anayenukuu amechukua. Anayebadilisha amechukua, tena amemtia mwenzake maneno mdomoni.

Nyimbo za zamani na nyimbo za wote

Je, hakuna wimbo ulio huru? Upo. Kwa sheria ya Kenya, haki katika maneno na muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Wakiwa wawili waliotunga pamoja, huhesabiwa kifo cha yule wa mwisho. Muyaka bin Haji wa Mvita alifariki karibu na mwaka 1840. Beti zake zigeuze utakavyo, ukiweza kumfikia. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hivyo hapa Kenya muda wa kazi zake ulimalizika mwisho wa 2012. Lakini uwe mwangalifu: wimbo wa zamani ulioimbwa upya una rekodi mpya, na beti mpya alizoongeza mwimbaji wa juzi ni mali yake.

Kisha kuna nyimbo za jamii, zisizo na mtunzi anayejulikana. Kuzitia maneno mapya ni desturi yetu ya kale. Wimbo wa taifa wa Kenya umejengwa juu ya tuni ya bembea ya mtoto ya Wapokomo wa Tana. Mwaka 1963 kamati iliyokuwa na akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake na mchungaji Thomas Kalume wa kwetu Malindi iliutia maneno ya uhuru. Huku mlimani nako, wakati wa Mau Mau, wapiganaji wa Kikuyu, Embu na Meru walichukua tuni za nyimbo za kanisa wakazitia maneno ya ardhi na ukombozi. Mzungu akipita nje alidhani watu wanasali.

Kwa hiyo sisemi kwamba kugeuza maneno ni dhambi. Nasema ujue unageuza cha nani. Hata cha jamii kina wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zifidiwe kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya kijadi na maonyesho ya kitamaduni. Ukitumia wimbo wa tohara wa Waembu au ngoma ya Wagiriama katika kitabu cha kuuza, nenda kwa wazee, uliza, na uandike wazi ulikoutoa. Kuna nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya kila mtu, na kuuliza si ujinga.

Mwandishi afanye nini

Nilimpa mwanafunzi wangu njia nne, nami nakupa wewe.

Ya kwanza, taja wimbo bila kuunukuu. Jina la wimbo peke yake kwa kawaida halina hakimiliki. Andika kwamba dereva alianza kuimba wimbo fulani, sauti ikamkatika kwenye kibwagizo, na waombolezaji wakamalizia. Msomaji anayeujua ataimba mwenyewe kichwani. Asiyeujua ataona machozi.

Ya pili, chukua wimbo ambao muda wake umekwisha, na uhakikishe tarehe ya kifo cha mtunzi kabla hujaandika neno.

Ya tatu, omba ruhusa. Barua iseme wewe ni nani, kitabu kinaitwaje, mistari ipi unataka, umeibadilisha vipi hasa, nani anaiimba katika hadithi na kwa hali gani, na utatoa nakala ngapi. Usifiche kwamba mwimbaji ni mlevi, kama ni mlevi. Ruhusa ya kawaida inaweza hata kutolewa kwa mdomo, lakini mdomo hausomeki baada ya miaka kumi. Ipate kwa maandishi. Na kimya si ruhusa. Asiyejibu hajakubali.

Ya nne ndiyo ninayoipenda: tunga wako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mara nyingi tunachukua wimbo wa mtu kwa sababu tunaogopa kwamba maneno yetu hayatoshi kubeba msiba wa mhusika wetu. Lakini wimbo wa kuazima unamletea msomaji kumbukumbu zake mwenyewe: harusi yake, mpenzi wake wa zamani, redio ya babake. Haumletei yule dereva.

Nilipomwambia hivyo mwanafunzi wangu alinyamaza sana. Kurasa sita za mswada zilikuwa zimeegemea wimbo ule. Alihesabu fedha za chapa, akahesabu siku, akauliza, "Na nikiacha hivyo hivyo, nani atajua? Ni nakala mia tatu tu."

Nikamjibu kwamba mchezo wangu uliigizwa mara moja, katika ukumbi mmoja, na aliyepaswa kujua alijua. Tena kitabu kikikosa kusomwa hasara ni yake, na kikisomwa sana hatari ndiyo inakua. Mwenye hakimiliki anaweza kwenda mahakamani akaomba fidia na amri ya kusimamisha mauzo. Akiba ya miaka mitatu ingebaki katika maboksi chini ya kitanda.

Ijumaa hakwenda Embu. Alimpigia mpiga chapa simu, akaomba asubiriwe mwezi mmoja. Jumapili iliyopita alikuja na karatasi mbili zilizokunjwa, zimeandikwa kwa kalamu. Dereva wake sasa anaimba majina ya vituo vyote alivyokuwa akimteremsha mamaye, kutoka sokoni hadi nyumbani, na kituo cha mwisho hawezi kukitaja.

Nilimsahihishia herufi mbili tu, nikamrudishia.